Sony Kabla ya PlayStation: Vitabu vya Kusoma Kabla Mtu wa Skrap Hajabeba Redio ya Susu Kule Mbooni

Ukitaja Sony leo, akili ya msee wa mtaa inaenda moja kwa moja PlayStation, ama ile TV kubwa ya ukutani. Lakini uliza wazee wa Mbooni, pale Kikima, Tawa ama Mbumbuni, na jina hilo linaanza na kitu kingine kabisa: redio. Ile ya betri kubwa, imefunikwa kitambaa cha kushonwa na mkono, imekaa juu ya kabati mahali mtoto hawezi fika. Ilikuwa na washindani wake kama National, Sanyo na Philips, na kila boma lilikuwa na upande wake kama mashabiki wa mpira.

Sasa hizo redio zinaisha. Mtu wa skrap anapita na mizani, anapima redio pamoja na sufuria iliyotoboka na jembe lililovunjika, anaacha doo ya sukari na majani, huyo anaenda. Anayeuza hana habari ameuza nini, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Hii hapa ni rada yako. Tumekuwekea vitabu sita vinavyoeleza historia na dizaini ya Sony, kila kimoja kina nini ndani, kinaficha nini, na nani anafaa kukisoma. Kisha tunaongeza vya Afrika, tunakuonyesha jinsi ya kusoma herufi zilizo kwenye redio, na kitu cha kufanya ukienda shags wikendi ijayo.

Stori ya Sony kwa ufupi

Kampuni ilianza Tokyo tarehe 7 Mei 1946, hata mwaka haujaisha tangu Japani ishindwe vita. Haikuitwa Sony. Iliitwa Tokyo Tsushin Kogyo, na waanzilishi walikuwa Masaru Ibuka, injinia, na Akio Morita, mwanafizikia. Walikutana wakati wa vita wakifanya utafiti wa kijeshi. Mtaji ulikuwa yeni 190,000, na makao yao yalikuwa ndani ya jengo la duka lililoharibiwa na vita. Walijaribu kutengeneza chombo cha kupika wali kwa umeme, ikawa kazi bure. Wali ulitoka mbichi ama ukatoka uji.

Mwaka wa 1950 walitoa rekoda ya tepu. Kisha wakalipia leseni ya transista kutoka Marekani, na 1955 wakatoa TR-55, redio ya kwanza ya transista kutoka Japani. Si hiyo ndiyo ya kwanza duniani, hapo usidanganywe. Wamarekani walikuwa wametoa Regency TR-1 mwaka uliotangulia. Ila Sony hawakulala. TR-63 ya 1957 ilikuwa ndogo kiasi cha kuuzwa kama redio ya mfukoni, na Marekani ilienda kwa dola 39.95.

Jina Sony lilitokana na neno la Kilatini la sauti, sonus, likachanganywa na jina la utani ambalo Wamarekani huwaita vijana, sonny. Kampuni nzima ilichukua jina hilo mwaka wa 1958. Walkman ilitoka tarehe 1 Julai 1979. CD, ambayo Sony walitengeneza pamoja na Philips wa Uholanzi, ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982.

Hayo ndiyo mifupa. Nyama iko kwenye vitabu.

1. Made in Japan (1986)

Hiki ni cha Akio Morita mwenyewe, akisaidiwa na waandishi wawili, Edwin Reingold na Mitsuko Shimomura. Kama utasoma kimoja tu, anza hapa. Kinasomeka kama stori ya mzee mjanja aliyeketi kivulini, anakuambia vile alihasolo.

Morita alikuwa kifungua mimba wa familia iliyotengeneza pombe ya wali kwa vizazi vingi karibu na Nagoya. Kila mtu alijua atarithi kiwanda. Ukitoka Ukambani unaelewa hiyo presha bila kufafanuliwa: mtoto wa kwanza, mzee ameshakuonyesha mipaka ya shamba, na wewe akili yako iko kwa nyaya. Baba yake alimwachilia. Bila ruhusa hiyo, huenda leo hatuna stori ya kusimulia.

Kuna sehemu mbili huwezi ruka. Ya kwanza ni ya 1955, wakati kampuni ya saa ya Bulova ilitaka redio 100,000 kwa sharti kwamba ziandikwe jina la Bulova. Hiyo oda ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa kampuni nzima. Wenzake Tokyo walimwambia achukue. Morita alikataa, akisema anajenga jina lake, hata kama litachukua miaka 50 kujulikana. Wale mnaotengeneza nguo ama sabuni halafu mnabandika lebo ya mtu mwingine, someni hapo mara mbili.

Ya pili ni safari yake ya kwanza Ulaya, 1953. Alifika Ujerumani akakata tamaa. Kila kitu kilikuwa kimeendelea, na Japani ilijulikana kwa vitu vya bei rahisi vya kuvunjika. Kisha akaenda Eindhoven, Uholanzi, kuona Philips. Alitarajia jiji kubwa. Akakuta mji mdogo katika nchi ya wakulima, na kutoka hapo kampuni inauza dunia nzima. Alipata nguvu hapo. Ukisoma hiyo sehemu ukiwa Kikima, katikati ya matuta ya mahindi na miti ya avocado, inakugonga tofauti kabisa na mtu anayeisoma New York.

Kasoro yake? Ni mzee anajisifu. Kila kosa linageuka kuwa somo, na kila somo linaishia yeye akiwa sawa. Betamax, mashine ya video ya 1975 iliyopigwa na VHS, anaipitia haraka haraka.

2. Sony: The Private Life (1999)

John Nathan ni Mmarekani aliyejua Kijapani vizuri hadi akatafsiri riwaya za waandishi wakubwa wa huko. Alikaa na watu wa Sony, akawauliza maswali ambayo Morita hangejiuliza mwenyewe.

Kama Made in Japan ni picha ya harusi, hiki ndicho kile kinachoongewa jikoni harusi ikiendelea. Nathan anaonyesha kwamba maamuzi makubwa hayakutoka kwenye hesabu peke yake. Yalitoka kwa mapenzi, heshima na woga wa kumwangusha mwenzako. Ibuka na Morita walikuwa kama ndugu. Norio Ohga, aliyekuwa mwimbaji wa opera kabla ya kuwa bosi, alikuwa kama mtoto wao. Sony waliponunua kampuni ya filamu ya Columbia mwaka wa 1989 kwa dola bilioni 3.4, ndoto ya Morita ya kuwa na studio ya Hollywood ilisukuma mambo kuliko kalamu ya mhasibu. Hasara ilikuja baadaye, ikawa ya mabilioni.

Huyo Ohga ndiye mtu wa dizaini. Akiwa mwanafunzi wa muziki aliwaandikia Sony akilalamika kwamba rekoda yao haina sauti ya maana. Badala ya kumblock, walimwajiri. Mwaka wa 1961 akapewa kusimamia dizaini. Ule mwonekano wa nyeusi na fedha unaouona kwenye redio na stereo za zamani ulikua chini yake. Hiki ni cha wale wanaopenda chai ya familia.

3. Doing Cultural Studies: The Story of the Sony Walkman (1997)

Usiogope jina. Kiliandikwa kama kitabu cha chuo, na Paul du Gay, Stuart Hall na wenzao watatu, kwa ajili ya wanafunzi wa Open University ya Uingereza. Hall alizaliwa Jamaica mwaka wa 1932, na alijua vizuri jinsi bidhaa ya mzungu ama Mjapani inageuka ikifika kwa watu wengine.

Hoja yao ni rahisi. Kifaa hakimaliziki kiwandani. Kinaendelea kutengenezwa na matangazo, sheria, na watu wanaokitumia. Chukua mfano wa Walkman ya kwanza, TPS-L2. Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili muongee. Morita alikuwa amebeba moja nyumbani, mkewe akahisi ametengwa, ndio akaagiza tundu la pili. Aliona ni ukosefu wa adabu mtu kusikiza peke yake. Watu waliponunua, walifanya nini? Walisikiza peke yao. Tundu la pili likaondolewa baadaye. Mnunuzi alikuwa amemrekebisha bosi.

Hata jina lilipigwa vita. Sony waliona Walkman si Kiingereza sawasawa, kwa hivyo Marekani waliiita Soundabout, Uingereza ikawa Stowaway. Watu wakang'ang'ana na Walkman hadi kampuni ikasalimu amri. Kama unaongea Sheng, hilo halikushangazi. Lugha huamuliwa mtaani.

4. Digital Dreams (1999)

Paul Kunkel aliandika hiki kuhusu kituo cha dizaini cha Sony. Ni cha wasee wa kuchora, wa Blender, wa kusoma uhandisi wa bidhaa. Utaona jinsi wabunifu wanavyobishana kuhusu kona ya kitufe, uzito, na vile kidole kinajua pa kwenda gizani. Picha ni nyingi, maneno machache. Kilitoka wakati kompyuta na gemu zilikuwa zinaanza kumeza redio, na unaona kampuni ikihama njia ukurasa baada ya ukurasa.

5. Sony Design: Making Modern (2015)

Hiki ndicho cha luku. Kitabu kikubwa cha picha kutoka Rizzoli, kikiwa na maandishi ya Deyan Sudjic, ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa Design Museum ya London, na kazi ya uhariri ya Ian Luna. Redio, rekoda, TV na Walkman zimepigwa picha safi kama masupastaa.

Raha yake ndiyo kasoro yake. Kila kifaa kinaonekana kipya. Hakuna mkwaruzo, hakuna raba iliyofunga mlango wa betri, hakuna antena iliyovunjika ikaongezwa waya. Ukifungua kitabu hiki na susu wako, atakitambua kifaa, lakini atakuambia hicho hakijawahi ishi na watu.

6. Walkman (2017)

Rebecca Tuhus-Dubrow aliandika kitabu kidogo kuhusu Walkman peke yake, katika msururu wa Object Lessons ambao kila kitabu kinaangalia kitu kimoja tu. Unakimaliza kwa safari mbili za mat.

Humu utakutana na Andreas Pavel, Mjerumani aliyekulia Brazil. Aliomba hataza ya kifaa cha kusikiza muziki ukitembea mwaka wa 1977, miaka miwili kabla ya Walkman. Alipambana na Sony kortini kwa zaidi ya miaka 20, akafilisika karibu kabisa, na kampuni ikamlipa miaka ya 2000 ilipoanza. Kwa hivyo ukiulizwa nani alivumbua Walkman, usijibu haraka. Walkman za kaseti ziliuzwa zaidi ya milioni 200 kabla Sony kuacha kuziuza Japani mwaka wa 2010.

Kile ambacho vitabu sita havikuambii

Ukimaliza vyote, utajua nini kilifanyika Tokyo, London na New York. Utajua bosi alikula nini. Lakini redio haikuishi kwa bosi. Ilikaa kwa bosi wiki chache za majaribio, halafu ikakaa Mbooni miaka 30. Nusu kubwa ya maisha yake iko huko, na hiyo nusu haijaandikwa.

Anza na milima yenyewe. Mbooni ndiko simulizi za Wakamba zinasema wazee walitulia kabla ya watu kusambaa hadi Kitui na kwingineko. Ni nchi ya mabonde na miinuko, na miinuko huamua unaskia nini. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo ukiwa nyuma ya mlima unapata kelele tupu, na jirani yako upande wa pili anapata ngoma safi. Mawimbi ya kati, yale ya MW, hufuata ardhi mchana, na usiku hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana. Ndio maana usiku redio ya zamani ilikuwa inadaka stesheni za nje kama Tanzania bila kuombwa.

Halafu kulikuwa na ule mchezo wa kugeuza redio nzima kama usukani. Wazee hawakuwa wanabahatisha. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, na hicho ndicho antena ya MW. Kinadaka vizuri kikiwa kimelala ubavu kwa stesheni, na kikiielekezea ncha, sauti inakufa. Mtu ambaye hajawahi soma fizikia alijua kona gani ya meza inaleta Sauti ya Kenya.

Njoo kwa betri. Stima ilikuwa ndoto kwa boma nyingi, kwa hivyo redio ilikula betri kubwa, nyingi zikitoka kiwanda cha Eveready cha Nakuru, kilichofungwa 2014. Zikichoka, zinaanikwa juani kwenye bati. Watoto wa tao walicheka hiyo kitu, lakini ni kemia halali. Joto linaharakisha mmenyuko ndani ya betri ya zinki na kaboni, na kupumzika kunaipa nafasi ya kujirudi kidogo. Unapata dakika za taarifa ya habari, labda na kipindi cha salamu. Hakuna mbunifu wa Tokyo aliyechora jua la Makueni kama sehemu ya redio, lakini lilikuwa sehemu ya redio.

Na redio ilikuwa na kazi nzito kuliko burudani. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la wanahewa waliteka kituo cha VoK jijini Nairobi, na Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kijijini hakukuwa na njia nyingine ya kujua nchi iko wapi. Aliyekuwa na redio na betri nzuri siku hiyo alikuwa na boma limejaa majirani. Hiyo kumbukumbu haiko kwenye kitabu cha picha safi.

Tusisahau ngoma. Benga ya Kikamba, watu kama Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, ilisafiri kwa santuri, redio na kaseti. Kakai alifariki 1987, lakini kaseti ziliendelea kuzunguka, zikinakiliwa kutoka deki moja hadi nyingine hadi gitaa likasikika kama liko ndani ya mtungi. Na nyuma ya kila deki kulikuwa na fundi wa soko mwenye chuma ya kuchomea risasi. Alijua mkanda wa raba ukilegea sauti inavuta, alijua kusafisha kichwa cha kaseti kwa pamba na spiriti, alijua kitufe cha sauti kikikwaruza kinataka nini. Morita ana vitabu. Huyo fundi hana hata ukurasa.

Vya Afrika vya kuweka kando ya hivyo

Usidhani hakuna njia. Wayaleshi, cha Peter Fraenkel (1959), kinaeleza redio ilivyoingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Huko mwaka wa 1949 iliuzwa redio ya betri kwa pauni 5, iliyotengenezwa na Ever Ready ndani ya umbo la sufuria, na watu wakaiita sufuria kweli. Ni mfano wa kifaa kilichobuniwa kikimfikiria msikilizaji Mwafrika tangu mwanzo.

Signal and Noise, cha Brian Larkin (2008), kinaenda Kano, Nigeria. Larkin anachukulia kaseti zilizonakiliwa mara mia, sauti mbaya na ukarabati wa barabarani kama historia kamili, si uchafu wa kufutwa.

Na cha nyumbani: Ketebul Music, studio ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa, ilitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka wa 2008, kitabu kikiwa pamoja na CD na DVD. Baadaye, 2017, wakatoa Shades of Benga, kinachofuata muziki wa Kenya kuanzia 1946 hadi 2016. Angalia huo mwaka wa mwanzo tena. Ni mwaka uleule Sony ilizaliwa. Weka Shades of Benga kando ya Made in Japan, na una pande mbili za meza moja. Huku wanatengeneza mashine, huku wanatengeneza kitu cha kupita ndani yake.

Soma mgongo wa redio kama pro

Ukiipata redio ya boma, igeuze kabla ya kuiwasha. Herufi za modeli zina maana. TR ni ya transista, kwa hivyo ni ya zamani sana. ICF ni ya saketi unganishi na FM, familia iliyodumu miongo mingi. CF ina kaseti na redio, na CFS ina kaseti, redio na stereo. TC ni rekoda ya tepu. WM ni Walkman.

Soma jina polepole pia. Masoko yetu yalijaa majina yanayofanana, herufi moja imeongezwa ama kubadilishwa, na Kenya ilihitaji sheria maalum ya bidhaa bandia mwaka wa 2008. Ukikuta jina limekosewa, usitupe. Redio feki iliyoimba miaka 15 kwa nyumba ya susu nayo ni historia, na pengine ina stori tamu kuliko orijino.

Toa betri zilizoachwa ndani. Zikivuja, ule unga mweupe unakula chuma za mawasiliano, na hapo ndipo redio nyingi hufia. Usifungue kifaa kinachotumia stima ya ukuta kama huna ujuzi, kuna sehemu hubaki na umeme hata ukichomoa. Peleka kwa fundi, na umuulize akuonyeshe anachofanya. Baadhi ya redio za Japani za enzi hizo zina mchoro wa saketi umebandikwa ndani, kumaanisha aliyeitengeneza alitarajia kuna mtu ataifungua. Jaribu kutafuta mchoro kama huo ndani ya hedifoni zako za bluetooth.

Utavipata wapi bila kuuza figo

Made in Japan kilichapishwa kwa wingi, kwa hivyo kitafute kwanza kwa wauzaji wa inama wa katikati ya jiji, pale unainama barabarani kuchagua. Uliza pia Maktaba Kuu ya knls pale Upper Hill na McMillan, maktaba iliyofunguliwa 1931. Beba jina la kitabu na la mwandishi yakiwa yameandikwa, mkutubi atakusaidia haraka zaidi. Cha Stuart Hall na cha Larkin ni vya masomo, kwa hivyo jaribu maktaba za vyuo vikuu. Kama una rafiki comrade, huu ndio wakati wa kumkumbuka. Vile viwili vya dizaini ni vya bei kali. Hivyo changeni kama mbogi, ama mridhike na kuviona maktabani.

Kazi ya wikendi

Sasa ile kitu ya kufanya. Ukienda ocha, kabla mtu wa skrap hajafika, chukua simu yako ufanye haya.

Piga picha redio mbele, nyuma, na ndani ya mlango wa betri. Kisha keti na mwenyewe, omba ruhusa ya kurekodi, na uliza maswali matano. Ilinunuliwa wapi na mwaka gani? Pesa ilitoka wapi, ilikuwa ya kahawa, ya mbuzi, ama ya mtoto aliyekuwa kazini Nairobi ama Mombasa? Nani aliruhusiwa kuigusa? Walisikiza nini, na siku gani hawataisahau? Fundi alikuwa nani na alibadilisha nini ndani?

Acha ajibu kwa Kikamba kama ndiyo lugha yake. Usimkatize umsahihishe mwaka. Ukimaliza, andika jina la modeli, tarehe ya mazungumzo na kijiji, weka nakala mahali pawili, na umpe mwenyewe nakala yake. Kama kuna fundi mzee sokoni, mtafute yeye mapema zaidi, kwa sababu maarifa yake hayana mgongo wa kusoma herufi. Boma kumi za Tawa zikifanya hivyo, hapo kuna sura ya kwanza ya kitabu ambacho Sony wenyewe hawawezi kuandika.

Baada ya hapo, kama mzee bado anataka kuuza, ni mali yake na ana haki. Ila mpeleke kwa fundi kwanza. Mara nyingi shida ni waya uliokatika ama kutu ya betri, na redio itaimba tena jioni hiyo hiyo.